Picha Nilizopiga Shambani kwa Mama Mkwe

Shangazi Goreti, shikamoo. Nakuandikia nusu nacheka, nusu naogopa, nishauri kabla ya Jumamosi ijayo.

Mimi ni mkulima wa Chinongwe, mwaka juzi nilianzisha kundi la wasapu linaitwa Shamba Bila Moto, nia yetu tuache kuchoma mashamba tunapoyaandaa, majani na mabua tuyatandaze ili udongo ubaki na unyevu, tulianza watu kumi na wawili na leo tuko mia mbili na kumi, wa Ruangwa na wa Nachingwea, mmoja akiona mdudu anatuma picha, mwingine anamwelekeza dawa ya mwarobaini, mwingine ana mbegu za mbaazi anamgawia mtu asiyewahi kumwona, na kweli Februari mvua ilipokatika mahindi ya waliotandaza hayakunyauka. Tatizo ni mimi. Kila picha niliyoandika "shambani kwangu leo" ni ya shamba la mama mkwe wangu, Malolo, yeye hajachoma tangu mke wangu Hajra akiwa mtoto, mimi nikienda kusalimia nazunguka nyuma ya nyumba kimyakimya, napiga, narudi kukaa. Na kwangu, Shangazi, wiki mbili zilizopita niliona kazi itanishinda, nikawasha kiberiti.

Sasa watu arobaini wanakuja kuliona hilo shamba langu, wa Nachingwea wameshakodi gari, na dada mmoja, Prisila, ametuma ujumbe wa sauti: "Nisipoliona kwa macho yangu, mume wangu kasema mwaka huu tunachoma." Wakikuta majivu watasema yote yalikuwa uongo, watarudi kwenye moto. Kumwomba mama mkwe siwezi, kwetu mkwe hakai akapiga soga na mama mkwe, nikimwona njiani nampisha na macho nainamisha, Hajra naye hajui kitu, akijua atanicheka mpaka Idi. Nimefikiria kujifanya naumwa. Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Aibu, Chinongwe

*

Marahaba, Mkwe Mwenye Aibu. Umeficha jina, halafu umetaja kijiji, kundi na mkeo. Nani amebaki hajakujua? Mwambie Hajra leo hii, kabla hajasoma mwenyewe hapa gazetini, na akikucheka vumilia, umeyataka.

Hukuona haya kuwafundisha watu mia mbili kuweka kiberiti chini, kisha ukakiokota wewe? Hilo nakugombeza na sikupunguzii. Lakini usijilaumu mpaka ukalifunga kundi. Mahindi ya wenzako yamestahimili kwa sababu walitandaza, na hakuna aliyekuomba uwe bingwa wa kilimo. Walihitaji mtu wa kuwakutanisha, na kazi hiyo umeifanya vizuri sana, nakupongeza kwa moyo wote.

Kuumwa sahau. Andika kwenye kundi kwamba picha ni za shamba la mama mkwe wako na kwamba wewe umechoma. Wachache watakusema, wengine watakiri kuwa nao walichoma. Hajra ndiye azungumze na mama yake. Mama akikubali, Jumamosi waanzie kwako, wayaone majivu na waushike huo udongo mkavu, kisha wapande gari waende Malolo. Prisila akiyaona yote mawili kwa siku moja, atakuwa na la kumwambia mumewe. Wewe chota maji ya wageni, simama nyuma, macho chini kama mila inavyotaka. Kumshukuru mama mkwe mbele za watu hakuvunji heshima.

Na hofu ya kukataliwa iondoe. Mwezi uliopita mama mmoja wa Malolo, kupitia jirani yake, aliniandikia akiomba nimfikishie ujumbe mkwewe, maana naye anaona haya kumsemesha. Sikujua mkwe huyo ni nani, mpaka barua yako ilipofika. Maneno yake ni haya: "Mwambieni anapiga picha upande mbaya. Kuzuri ni kule nyuma ya mihogo."