Usiku wa Jumanne

4 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu moja: kuuliza maana ya neno. Mimi ni mzima. Natumaini goti lako limetulia. Mwezi uliopita sisi madaktari wanagenzi tulipewa mtihani wa manjano ya watoto wachanga, nami nikapata kumi na tisa kati ya ishirini, alama ya juu kuliko wote. Nilieleza kinaganaga kwamba manjano yakionekana kabla mtoto hajatimiza saa ishirini na nne ni hatari, wala hayasubiriwi.

Mtu akisema "usiku wa Jumanne", ni usiku upi?

Mtoto wa kaka yako,
Daktari

9 Mei

Daktari wangu,

Marahaba. Goti linabishana na ngazi, na ngazi ndizo zinazoshinda. Hongera, hiyo alama moja umemwachia nani?

Usiku hutangulia mchana, nilikufundisha ungali unanyonya kidole. Usiku wa Jumanne ndio unaoamkia Jumanne. Ila wengi siku hizi humaanisha Jumanne yenyewe, jua likishazama. Ndiyo maana katika ukunga wangu wote nilimwuliza kila mzazi: "Ulipoamka na mtoto, ilikuwa siku gani?"

Mbona waniuliza? Nani kazaliwa?

Shangazi yako

20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kimya changu.

Siku chache kabla sijakuuliza lile neno, mama mmoja alimleta mwanawe Jumatano asubuhi, uso umeanza manjano. Alijifungulia nyumbani. "Usiku wa Jumanne, daktari." Nikahesabu kwa hesabu yako ya tangu utotoni: siku moja na nusu. Nikaandika "kawaida", nikawaruhusu. Kumbe mtoto alikuwa na saa kumi na mbili tu.

Ijumaa alirudi wa manjano hadi nyayo, mgongo umepinda. Aliwekwa chini ya taa za buluu, akabadilishwa damu, akaishi. Jana nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakushtuka; manjano yamemwachia uziwi.

Faili linasema: "Mama alichelewa kumleta." Sijalisahihisha. Mama huyo hunishukuru kila kliniki. Pazia la chumba changu ni la manjano. Nimelishusha, na bado naliona.

Mwanao

25 Juni

Mwanangu,

Hesabu ni yangu. Swali ambalo hukuuliza ni lako. Mama huyo anajihukumu kwa kosa lisilo lake. Usimwandikie, mwambie. Nitaketi kando yako, mimi na goti langu. Taja siku, na safari hii taja na saa.

Shangazi

1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Faili nimelisahihisha, na mkuu wa wodi amelisoma. Nilipompigia mama mtoto simu aliuliza, "Kuna habari njema, daktari?" Nikamwomba aje tuonane.

Atakuja Jumatano, tarehe nane, saa tatu asubuhi, mchana kweupe.

Mwanao