Msingi wa Bondeni

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi. Miguu inaendeleaje? Shangazi anakukanda kama daktari alivyoagiza, au mpaka umkumbushe? Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe, ila nyumba haina amani.

Ni kitinda mimba wako, mama. Unamjua, ukimtuma leo ataondoka keshokutwa. Safari hii haraka ilimpata. Amechimba msingi wa nyumba za kupangisha kule bondeni, juu kidogo ya chemchemi, katika ardhi ile ile ambayo wewe na marehemu baba mliiwekea mkataba na chama cha hifadhi ya mazingira. Nilimkumbusha kwamba ardhi ni yetu: tutalisha, tutakata nyasi, tutarithishana, hata kuuza tunaweza, lakini kuikata viwanja au kuijenga, hapana, milele. Akacheka. Akasema aliyeahidi amelala kaburini, na maiti hadaiwi ahadi. Nikamwambia mkataba ule unafuata ardhi, haufuati mtu, na isitoshe mama yetu yu hai na sahihi yake ipo. Akanijibu kwamba siku hizi nimekuwa wakili wa majani.

Simlaumu kwa yote. Tangu kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kifungwe na arudi hapa na mke, watoto na godoro, uso wake hauna raha. Lakini alifanya kwa hila. Unakumbuka mkaguzi wa chama kila mwaka husimama pale pale, akapiga picha upande ule ule, ili aone kama kuna kilichobadilika. Hakuna picha hata moja inayotazama bondeni. Mwanao alilijua hilo, akachimba huko huko, akafunika kwa matawi.

Wiki hii mkaguzi alikuja, nami nikamtembeza. Mdogo wangu alitufuata kila hatua, akimtania kwamba kilima hakijaota miguu, huku jasho likimtiririka. Picha zikaisha salama. Lakini kabla mkaguzi hajaondoka, msingi ukaonekana. Chama kimeagiza mtaro ufukiwe na nyasi zirudishwe, la sivyo ni mahakamani.

Basi moto ukawaka. Ameapa kwamba aliyemchongea ni jirani yetu mchungaji wa ng'ombe, yule ambaye baba alimruhusu kulisha kwetu. Jana alisimama mlangoni pa mchungaji huyo, akamwita kinyonga mbele yangu na mbele ya mke wa mchungaji, akamtaka aondoe ng'ombe wake kabla ya Ijumaa, au atamwona. Mchungaji alijibu tu kwamba ng'ombe hawajui Ijumaa. Mama, kwingine kote nyasi zimekauka. Atawapeleka wapi? Na tangu asubuhi mwanao ananoa panga. Nikimuuliza, anasema ni la kukatia miti ya uzio.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Mchungaji hakusema neno. Ni mimi. Mkaguzi alipokuwa anafunga mkoba wake, na mdogo wangu ametangulia kufungua geti, nilimwambia viatu vyake vimejaa tope, twende tukavioshe kwenye chemchemi. Nilijua njia inapita wapi. Sikufungua mdomo kuhusu msingi, miguu yangu ndiyo iliyosema. Nilikuwa nimeomba kwa siku nyingi Mungu atume mtu, na sikutaka mtu huyo awe mimi.

Mchungaji alikuwa ng'ambo ya bonde, alituona tukishuka. Jana, akitukanwa, alinitazama mara moja tu, akainamisha macho. Tangu hapo nikipiga magoti kusali, maneno hayaji.

Kesho baada ya ibada nitamwambia mdogo wangu, mbele ya mchungaji mwenyewe. Naogopa, mama, lakini mzigo wangu hautabebwa na mtu mwingine. Huenda barua hii itakukuta naye amekwisha kufika kwako, analia kwamba dada yake wa tumbo moja amemuuza. Mfungulie. Mpe chakula, msikilize mpaka amalize. Ila nakuomba, usimwambie kwamba ana haki. Na akikuuliza kama ulijua unachotia sahihi siku ile, mjibu wewe. Kwangu hatasikia tena habari ya mkataba.

Msalimie shangazi, mwambie mikono yake tunaiombea. Mungu akutunze, nawe utuombee sote wawili, usichague.

Ni mimi mwanao,
Kifungua mimba wako