Nta ya Mama kwenye Mashine ya Boti

Mjukuu wangu Maganga,

Marahaba, mume wangu. Hapa Usoke hatujambo. Magoti yananilalamikia, lakini mdomo ungali mzima. Shangazi yako amevuna karanga.

Unasema mashine ya boti yako inachemka, haitoi maji pembeni, na umemnunia mkeo Tausi kwa kuwa ndiye aliyeitunza ulipokuwa safarini.

Wakati wa Mwingereza, baba yangu alikuwa na boti yenye mashine kuukuu, akibebea asali katika mto Ugalla. Kiangazi maji yalipopungua, aliileta mashine nyumbani, mama akaitunza. Masika tulipoiwasha haikurusha maji, ikawa moto, ikanuka kama mishumaa ya kanisani. Baba akaizima, akafungua pampu huku akifoka. Pampu nzima! Mwishowe akaipindua. Vitundu vya chini vinavyovuta maji vilikuwa vimezibwa na nta.

Nikakumbuka, nikamwambia baba jinsi mama alivyoipaka yote, kama tunavyopaka mzinga mpya ili nyuki waupende. Alitaka kuikinga na kutu.

Baba akachuma mwiba, akazibua kitundu kimoja kimoja, maji yakaruka. Tuliporudi mama akauliza, "Mashine imekwendaje?"

"Vizuri. Nta yako imesaidia."

Tangu hapo, kila masika baba alianza na mwiba. Mama alifariki akiamini nta yake ndiyo iliyoidumisha mashine ile.

Basi anza na vitundu vya chini. Na kabla hujagusa skrubu hata moja, nisalimie Tausi, mke mwenzangu.

Bibi yako