Nimechaguliwa Kusomea Uuguzi Ng'ambo, Nyumbani Wanasema Namtupa Baba

Mpendwa Mshauri,

Naomba unishike mkono kabla sijaamua jambo ambalo sitaweza kulirudisha nyuma. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu, na chuo chetu huwapeleka wanafunzi wachache nchi nyingine kwa muhula mmoja, nusu ya muhula unasoma kwenye hospitali ya watu waliopigwa na kiharusi, na nusu iliyobaki unajitolea vijijini ukifuatana na wauguzi wa huko nyumba kwa nyumba, na mwaka huu darasani kwetu nimechaguliwa mimi, na nilipoitwa ofisini kuambiwa nilifurahi hata nikasahau kumshukuru mkufunzi, nikatoka mbio kama niliyefukuzwa.

Shida ni baba. Baba yangu ni fundi cherehani, na mama alipofariki nikiwa bado mdogo ni yeye aliyenilea, akinishonea sare vizuri na kunisuka nywele vibaya mpaka wenzangu wananicheka, na mwaka jana alianguka pale pale kwenye cherehani yake, kiharusi kikamshika upande wa kulia na kumwondolea maneno. Si kwamba akili imepotea, anaelewa kila kitu, ila akitaka kusema lolote linatoka neno moja tu, "sindano," akitaka maji ni sindano, akikasirika ni sindano, akiniona asubuhi ni sindano kwa sauti ya upole kabisa. Mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemwogesha, ninayemfanyisha mazoezi ya vidole kwa vifungo vya shati kabla ya kwenda wodini na nikirudi, na sasa anaweza kusimama akishika ukingo wa meza, na kifungo kimoja anakifunga kwa mkono ule ule mbovu, jasho likimtoka.

Kaka yangu mkubwa tunaishi naye nyumba moja. Ni mchomeleaji wa mageti, geti zima analibeba peke yake, lakini hajamnyanyua baba hata siku moja, anasimama mlangoni, anauliza hali, anaondoka. Nilipomwambia habari ya safari alimwita shangazi, dada yake baba, tukakaa kikao sebuleni na baba mwenyewe yupo kwenye kiti chake. Shangazi akasema wasichana wakishavuka mpaka hawarudi, na anayerudi anarudi na kiburi, halafu kaka akasema maneno yaliyonikaa kifuani mpaka leo. "Unakwenda kuwaosha baba za watu," alisema. "Wa kwako unamwachia nani?" Baba akawa anasema sindano, sindano, huku akipiga mkono wa kiti, shangazi akamfuta mate akasema maskini anasikitika, na kikao kikaendelea.

Kesho yake nilikwenda kwa mkufunzi kuomba anifute jina, nikamweleza yote, mwanamke yule asiyecheka na mtu akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sababu zote ulizoleta ni za kaka yako na shangazi yako. Njoo Ijumaa na ya kwako."

Ukweli ni kwamba nataka kwenda, nataka mpaka naona aibu, kwa sababu kwenye hospitali ile kuna watu kazi yao ni kuwafundisha wagonjwa wa kiharusi kusema tena, jambo ambalo mimi nimelisoma kitabuni tu. Lakini je, baba akianguka nikiwa huko? Nitajisamehe vipi? Nikibaki nitakuwa binti mwema, nikienda nitakuwa muuguzi bora, na siwezi kujikata vipande viwili. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na Ijumaa yako isingesubiri gazeti la Jumapili, kwa hiyo nilikupigia simu. Tuliyozungumza nayaandika hapa kwa ruhusa yako, maana nina hakika si nyumba yenu tu yenye kikao cha namna hii.

Kwanza pole, na hongera. Kumtoa mgonjwa kitandani mpaka akasimama akishika meza, huku unasoma na unaingia zamu, si kazi ya mtu legelege. Sasa nikugombeze. Umeniandikia habari za baba mwanzo hadi mwisho: baba kaanguka, baba kasimama, baba ataachwa. Hakuna mahali ulipoandika kwamba umemuuliza. Mtu mzima, mwenye akili zake, umesema mwenyewe, alikaa katikati ya kikao kinachomhusu, akasema, akapiga kiti. Shangazi akatafsiri kwamba anasikitika, nawe ukaipokea tafsiri hiyo bila hata kuikagua. Tangu lini shangazi amekuwa mkalimani wa wagonjwa? Wodini ungewakuta wenzako wanamjadili mgonjwa juu ya kichwa chake hivyo, ungewakemea. Nyumbani ulinyamaza kwa sababu ulikaa kikaoni kama mtuhumiwa, ukasahau kuwa wewe pia ni muuguzi.

Nilikuuliza mgonjwa asiyeweza kusema mnamuulizaje. Ulijibu hapo hapo, bila kufikiri: maswali ya ndiyo na hapana, na kama ni ndiyo abane mkono. Nikakwambia nenda kaulize, na kaka yako awepo, ili kesho asije akasema umejitungia.

Ulinipigia Jumatano jioni. Kaka alikuja akasimama pale pale mlangoni. Ulikaa mbele ya baba ukampa kiganja chako kwenye mkono wake wa kushoto, ule mzima. Ukamuuliza kama anataka ubaki. Mkono ukatulia. Ukamuuliza kama anataka uende, akabana. Ukaligeuza swali na kulirudia, kama mlivyofundishwa, akabana pale pale alipobana mwanzo. Ungeweza kuishia hapo ukatoka umeshinda. Lakini uliuliza swali jingine, ambalo mimi sikukutuma.

"Baba, unaogopa?"

Akabana, na safari hii hakuachia.

Na hapo, ulivyonisimulia, mchomeleaji wetu aliyekuwa mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi naogopa. Naogopa nikimshika nitamvunja."

Umeona? Ulimhesabu kaka yako kuwa ana moyo mgumu, kumbe ni mtu mwenye mikono ya chuma ambaye hakuna aliyemwonyesha pa kushika. Simtetei kwa yale maneno ya baba za watu. Hayo alikosea na akuombe radhi. Ila nawe umekuwa ukifanya kila kitu peke yako, haraka na vizuri, mpaka wengine wameamini kwamba baba ni mgonjwa wako tu. Kuuliza si ujinga, lakini mwanamume mwenye sifa ya nguvu haulizi kirahisi. Lazima aitwe.

Ijumaa ulikwenda ofisini na sababu yako, nami nimependa ilivyokuwa fupi. Ulimwambia mkufunzi, "Nataka kujifunza jinsi ya kumrudishia mtu maneno yake." Hakukusifu wala hakutabasamu. Aliuliza kama pasipoti unayo. Basi jambo limekwisha, utakwenda. Yaliyobaki ni kazi.

Wiki hizi kabla ya safari, acha kumnyanyua baba. Kaka amnyanyue, amgeuze, amwogeshe, nawe kaa kitini, mikono mapajani, hata kama vidole vinakuwasha. Akikosea mwelekeze, akipatia nyamaza. Mazoezi ya vifungo mpe shangazi. Mwenye maneno mengi dawa yake ni kupewa jambo la kufanya, na dada mtu ana subira kwa kaka yake ambayo bado hujaiona. Muuguzi wa zahanati ya jirani aje kumpima presha, upange naye uso kwa uso, usimwachie mtu mwingine akupangie.

Kuhusu baba kuanguka, sikufichi: anaweza kuanguka ukiwa huko. Anaweza pia kuanguka ukiwa wodini, mitaa miwili kutoka nyumbani. Kukaa kwako si dawa ya kiharusi. Kwa hiyo amueni sasa, mkiwa na akili zimetulia, akianguka nani anaita gari na anapelekwa hospitali gani. Umuulize na mkufunzi mapema, mwanafunzi akipata habari mbaya ya nyumbani anarudishwa vipi. Ukiwa na majibu hayo utapanda ndege na hofu yako, hiyo haiachwi nyumbani, lakini itakuwa ya saizi ya kubebeka.

Ukifika huko usijione umekwenda kuokoa watu. Vijiji vile vina wauguzi waliozijua nyumba zote kabla wewe hujavaa sare. Beba mkoba, fuata nyuma, uliza, na ukiona wanafanya tofauti na kitabu chako, tazama kwanza kabla ya kusahihisha. Kule hospitalini ng'ang'ana na wale walimu wa kusema mpaka wakuchoke. Ukipiga simu nyumbani, zungumza na baba kwanza, ndipo umwombe kaka taarifa. Na muhula ukiisha urudi, umalize chuo. Shangazi asipate ushahidi.

Sasa weka gazeti chini. Leo ni Jumapili, kaka yako hana kazi, na baba hajaoga. Mwite. Maji ayapashe moto yeye.