Jozi Mia Tatu kwa Mguu Mmoja

Baba,

Shikamoo. Nafasi ya marahaba naiacha wazi, kwa sababu hata ulipokuwa hai ulichelewa kuitikia ukiwa na jambo kichwani. Hapa Buzuruga tupo. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na kile kiti chako cha plastiki amekataza mtu yeyote asikikalie, hata mgeni.

Nimekuja na habari ya soksi. Zimefika. Zimefika, Baba, na wewe uko Majita chini ya udongo, na mimi nina hasira ambayo sijui nimpe nani. Utanisamehe nikikupa wewe nusu.

Unajua zilikoanzia. Miaka yote ile ya kiwanda cha minofu ya samaki, umesimama kwenye maji ya baridi ndani ya gambuti, halafu sukari, halafu mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Ukabaki na wa kulia, nao ukawa unavimba kila jioni. Soksi zote ninazouza pale kibandani stendi zilikuwa na mpira mkali juu. Zilikuacha na alama inayozunguka mguu, nikipitisha kidole kinazama. Ukachukua wembe ukazikata juu, ukajiona fundi. Zikawa zinashuka na kujikunja ndani ya kiatu, na ukimaliza kutembea unarudi unachechemea kwa mguu huo huo mmoja. Watu wa stendi walinicheka kwamba muuza soksi hana soksi ya baba yake. Nilicheka nao, kisha nikaingia nyuma ya kibanda nikalia.

Nesi wa kliniki ya sukari ndiye aliyetuambia zipo soksi zisizobana, zisizo na mshono kwenye vidole. Mjini kote sikuzipata. Kiwanda cha Dar walisema wanaweza kuzifuma kwa oda, nikafurahi, nikakupa simu usikilize mwenyewe. Yule kijana wa mauzo akasema, "Mzee wangu, chini ya jozi mia tatu hatuwashi mashine." Ulimwambia una mguu mmoja. Akasema pole, akarudia mia tatu. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Nyangeta, hata jongoo hazimalizi."

Mimi niliona ni roho mbaya. Nilimpigia tena siku nyingine nikiwa nimejiandaa kugomba, akanieleza taratibu. Uzi wanaununua na kuutia rangi kwa mzigo mzima, hawatii rangi uzi wa soksi tano. Mashine lazima wabadilishe sindano, wapange upya, wafume za majaribio wazitupe, na kazi hiyo ni ile ile ukitaka jozi kumi au jozi elfu. Jozi chache zikibeba gharama yote hiyo, hakuna mtu wa kuzinunua. Nikaelewa. Kuelewa hakukusaidia mguu wako, lakini angalau niliacha kumchukia kijana wa watu.

Wewe ndiye uliyesema tuwatafute wenzako, tuagize pamoja. Siku za kliniki ulifika kabla ya nesi, ukakaa na magongo yako karibu na mlango, kila anayeingia unamwangalia miguuni kwanza ndipo umsalimie. Walikuja wa Magu, wa Sengerema, mama wa Kisesa aliyetuletea watu wa kanisa lake. Nilikuwa sijawahi kukuona hivyo tangu wakukate. Ulikuwa unanyoa ndevu siku za kliniki.

Kisha likaja suala la rangi. Kijana akasema mia tatu ni kwa kila rangi, maana kila rangi ni uzi wake. Nesi alitaka nyeupe, ili kidonda kikitoa damu ionekane mapema. Wewe ukakataa mbele ya watu wote, ukasema nyeupe ni soksi ya maiti, hutaivaa ukiwa na pumzi. Nusu ya kliniki wakakuunga mkono. Wanawake hawakutaka nyeusi. Tulibishana rangi, Baba, watu wenye vidonda miguuni, mpaka tukakubaliana kijivu kilichopauka. Nesi alisema hata hiyo damu itaonekana.

Na katikati ya hayo ukampata Mzee Masanja wa Buswelu. Yeye kabaki na wa kushoto, wewe wa kulia, na namba ya kiatu ni moja. Soksi haina kulia wala kushoto. Mlishikana mikono kama mmefunga ndoa: jozi moja, mmoja avae hii, mwenzake avae ile. Mkaitana pacha. Alikutania kwamba Mjita hata akatwe mguu haachi kunuka samaki, ukamjibu kwamba Msukuma mguu mmoja unamtosha, ng'ombe ndio wanaotembea. Mkawahubiria wengine. Kila aliyekatwa mguu pale kliniki akaanza kutafuta pacha wake, watu wakalinganisha nyayo kwenye sakafu wakicheka. Sikuwahi kuona watu wagonjwa wakicheka vile. Hata mimi niliona ni akili kubwa.

Majina ya waliotaka soksi yakafika mia tatu na kidogo. Nikapiga simu Dar kifua mbele. Kijana akauliza jozi ngapi, siyo watu wangapi. Tukakaa mimi na wewe mezani tukahesabu upya, na kwa sababu ya upacha wenu, watu wawili kwa jozi moja, jozi zikapungua, tukawa chini ya kiwango. Uliniambia nisiwasumbue watu, mapacha wabaki mapacha, tungojee wengine wajiunge. "Watatimia tu," ulisema. Tukangoja.

Tulipokuwa tunangoja, ile soksi uliyoikata kwa wembe ilijikunja chini ya kisigino likakutoka lengelenge. Hukusikia maumivu, mguu ulikuwa umeshakufa ganzi. Mama ndiye aliyeona, kwa harufu. Sitaandika siku za hospitali, ulikuwepo. Daktari aliniambia ilikuwa figo na damu iliyochafuka, nisijisumbue na soksi. Namsikia. Usiku najisumbua nayo hata hivyo.

Walipokuandaa, mtu wa majeneza alileta vifaa, glovu na jozi ya soksi nyeupe. Mama akachukua soksi moja, akairudisha nyingine mkononi kwa yule mtu. Nilijua ungechukia. Sikuwa na nguvu ya kubishana na Mama kuhusu rangi, na kijivu chetu kilikuwa hakijafumwa. Uliondoka na nyeupe, Baba. Hilo linaniuma kuliko mengi.

Sasa sikiliza kilichofuata. Kabla hatujakusafirisha, watu walijaa nyumbani, na Mama Kulwa, mke wa Mzee Masanja, alikuja kutusaidia vyombo. Tunaosha masufuria uani, namweleza jinsi tulivyokwama na jozi. Akaniangalia kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mwanangu, huyu mzee wangu akivaa hiyo soksi moja, nikiifua atavaa nini?"

Niliacha sufuria kwenye maji.

Kila mtu wa mguu mmoja anahitaji soksi mbili, Baba. Moja mguuni, moja kwenye kamba. Kila mmoja alikuwa anahitaji jozi yake nzima tangu mwanzo. Idadi ilikuwa imetimia siku ile nilipopiga simu kifua mbele. Tulikuwa mezani, mimi ninayeuza soksi na wewe uliyefuliwa soksi na mke wako maisha yako yote, na hakuna aliyefikiria kufua. Tulipenda mno ule upacha. Nilitaka kuja kukuambia pale pale, ulikuwa chumba cha pili tu, ndani ya sanduku, wazee wakiimba.

Tulipotoka Majita nikapiga simu. Mzigo ukaja na basi, magunia matatu. Siku ya kliniki nilikaa mahali pako karibu na mlango, nikagawa. Mama wa Kisesa alivaa pale pale, akakaa akiangalia miguu yake. Kuna waliokuwa kwenye majina na hawakuja. Niliuliza habari za wawili watatu, kisha nikaacha kuuliza.

Mzee Masanja nilimpa jozi yake. Alizitoa zote mbili, akazilaza juu ya paja. "Hii ilikuwa ya pacha," akasema. Nikamwambia hapana, zote zako, ya pili ni ya kubadilisha. Akasema anajua, mke wake amemweleza, lakini hii ilikuwa ya pacha. Aliniomba nimsaidie kuivaa, nami nikapiga magoti nikamvalisha. Ilipita kwenye uvimbe wake bila kubana, ikakaa bila alama. Hivyo ndivyo ingekukaa. Nilikaa pale chini nimeshika mguu wa mtu mwingine, na yeye aliniacha niushike.

Tangu wakati huo watu wanakuja kibandani peke yao. Juzi kaja baba mmoja wa Buswelu, hakuwa na habari na kliniki yetu, kasikia tu kuna dada anauza soksi zisizobana. Zilikuwa zimekwisha. Mdomo wangu ulishaanza kumwambia aandike jina, tungoje wenzake watimie. Nikaangalia kiatu chake, kisigino kimelowa, nikatoa simu nikampigia kijana wa Dar.

Kwa hiyo nimeagiza tena. Jozi mia tatu, kijivu, bila jina hata moja. Vitambaa na leso nimeacha kununua, mtaji wote uko kwenye soksi, na Mama anasema nimechanganyikiwa na msiba. Huenda. Zinaweza kunidodea mpaka panya wazitafune. Kijana wa Dar aliniuliza kama nina uhakika wa wateja, nikamwambia sina, awashe mashine.

Pumzika, Baba. Mama nitamtunza, na kaburi tutalijengea msimu wa mvua ukipita. Nakuahidi jambo moja tu zaidi. Kiwanda kina haki ya kusubiri mia tatu. Mimi nitawasubiri wateja wa hizo mia tatu peke yangu, na atakayekuja na mguu wake mmoja atavaa siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Nyangeta