Tuzo ya Yule Anayekinga

Dada Zuhura mpenzi,

Niwie radhi kwa kimya changu, mtoto hanipi nafasi hata ya kuchana nywele. Jana hapa Edmonton, nikingoja nguo kwenye mashine za kufulia, niliwakuta vijana wawili Wakenya waliosoma Marekani wakibishana. Nani apewe tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo vya kule, ile ya kushika mpira kwa mikono? Mmoja alimtaka mrusha mpira, mwingine mkimbiaji. Atakayeshindwa amfulie mwenzake mwezi mzima.

"Anti, amua wewe," wakanionyesha mchezo kwenye simu.

"Na huyu mnene anayewazuia watu wasimwangushe mrushaji?" nikauliza.

"Ah, huyo hapewi kamwe!"

"Kwa nini?"

Kila mmoja akamsukumia mwenzake ajibu. Basi kura yangu nikampa yeye.

"Mmeshindwa nyote. Haya, nikunjieni hizi nepi."

Wakakunja, huku wakicheka.

Nilipompa kura yule mnene, nilikuwa nakuwaza wewe unayenilelea binti yangu Salma. Nibusie. Bado nahitaji leso mbili za kubebea mtoto, iliki kidogo, na picha yenu, safari hii wewe ukae mbele.

Mdogo wako, Rehema