Yule Mama Hacheki

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na shemeji bado anakuogopa ipasavyo. Mimi sijambo, meno ya kuchekea bado ninayo.

Habari kubwa ni kwamba siku hizi nawekeza. Acha kuguna. Sisi wastaafu kumi na mmoja tumechanga, na kila mwaka tunampa mtaji mtu mmoja mwenye biashara changa, tunapata hisa. Safari hii waombaji walibaki wawili. Wa kwanza kijana mwenye programu ya simu ya kuwatafutia watu mafundi bomba. Aliingia akaisifia kofia yangu, akacheka mizaha yangu yote, hata ule ambao sikuwa nimeumaliza. Nikaona huyu ni mimi mtupu, enzi nina kiuno.

Wa pili, mama wa makamo, anasukuma mkokoteni wenye mashine ya kufulia, anakufulia mlangoni kwako. Alisimama mikono kiunoni, akasema ana wateja nyumba arobaini na moja, mashine ni moja na imechoka, na tukimnyima atauza mkokoteni arudi kufagia maofisi. Nikamtupia mzaha. Akanitazama kama doa lisilotoka.

Kura zikawa tano kwa tano, imebaki yangu. Mwenyekiti wetu, mkunga mstaafu asiyecheka na nyani, akataka niandike sababu yangu kwenye karatasi, aisome kwa sauti. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la nne kwamba kijana ni mchangamfu, yule mama hacheki, wateja watamkimbia. Mkunga akasoma, akavua miwani, akaniuliza tangu lini nguo zikatakata kwa kuchekewa. Akauliza kijana ana wateja wangapi. Nikajibu sikumuuliza, tulikuwa tunacheka. Chumba kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka, kisha nikaacha. Maneno yale ya karatasini nilishawahi kuyasema. Nikaomba karatasi yangu, nikafuta, kura nikampa mama.

Sasa dada, kaa chini. Ule mwaka baba alipokuwa na mtaji wa mtoto mmoja tu, wewe ukaomba cherehani na mimi kiti cha kinyozi, umeamini siku zote kwamba alinichagua kwa kuwa ni mwanamume. Si hivyo. Aliniuliza faraghani kama wewe utaiweza biashara. Nikamwambia hucheki, wateja watakukimbia. Ukashona kwa mkono miaka sita mpaka ukajinunulia cherehani mwenyewe. Nilikitaka kile kiti, basi, sina sababu nyingine.

Nisamehe au nitukane, lakini kwa barua. Kwenye simu utanikatia kabla sijajitetea. Yule mama tulipompa habari njema hakucheka. Aliuliza mashine ya pili inafika lini. Nilifurahi, dada, karibu nimwamkie shikamoo kama wewe.

Wabusu wajukuu, shemeji mpe pole zake za kawaida.

Ni mimi mdogo wako,
kinyozi kwa fitina.